Chokaa Kisiginoni

Moja, anahesabu Duberney, mikono kaitandaza
kama anayezuia kuku wasitoke bandani.
Mbili.
Kumi na nne kwa kumi na nne. Pointi hii ndiyo ya mwisho,
na mvua ya Medellín, iliyotuahidi saa nane,
imefika saa tisa bila kuomba radhi.

Kisahani kiko mkononi mwangu,
gramu mia na sabini na tano za plastiki,
kimelowa, kinateleza kama kipande cha mwisho cha sabuni.
Tatu. Duberney ananipumulia usoni.
Jana usiku alinitengenezea breki za baiskeli,
akakataa hela, akasema, "Kesho utanilipa uwanjani."
Nne.

Marleny anakata kushoto. Kabanwa.
Yule mtoto wa chuo, Estiven, anakimbia bila sababu;
ndio uzuri wa ujana, kukimbia bila sababu.
Tano. Sita.
Mimi nina miaka arobaini na miwili na goti la kukodi.
Siku za kazi natengeneza meno ya bandia;
najua kitu kinachokaa vizuri mdomoni
si lazima kiwe cha kweli.

Saba.
Ndipo namwona Eliécer, peke yake, kona ya mbali,
mkono juu kama anayeita teksi.
Nane,
na kabla ya tisa nakipindua, nakirusha juu ya vichwa vyote,
tumbo lake likitazama mbingu.
Kinapanda, kinasita, kinafikiri,
halafu kinashuka upande upande
kama jani linalodaiwa na upepo.
Eliécer anaruka.
Anadaka.
Anatua.

Kelele zetu! Marleny kanirukia mgongoni.
Kisha kelele zinakatika, koo moja baada ya jingine,
maana katika mchezo huu hatuna refa,
hakuna filimbi, hakuna kadi mfukoni mwa mtu.
Mstari ni chokaa, na chokaa imelowa.
Beki wao yuko chini, matope hadi machoni; hakuona.
Duberney hakuona.
Mungu, kama kawaida yake, hakusema.

Eliécer anainua mguu, anautazama unyayo
kama aliyekanyaga mavi ya mbwa.
"Nje," anasema.
Si kwa sauti. Neno fupi kuliko pumzi.

Wakakichukua kisahani. Pasi tano, tukafungwa.

Nilitamani kumchukia. Marleny alimchukia kweli,
mpaka saa kumi na moja na robo, ilipofika empanada ya kwanza.
Tulisimama duara, timu mbili, bega kwa bega,
mvuke ukitutoka kama sufuria iliyofunuliwa.
Kapteni wao akatafuta maneno, akayakosa,
akamvisha Eliécer kofia yake, nayo chapachapa.
Sote tukacheka. Mimi nilichelewa kucheka.

Kuna mwaka, huko Cali, kwenye fainali,
nilidaka kisahani kilichokwisha kubusu nyasi.
Unyasi mmoja tu. Labda miwili.
Wakaniuliza, "Ulikipata?"
Nikasema nilikipata.
Husemwa njia ya mwongo ni fupi;
yangu ilinifikisha jukwaani, ikanivisha medali,
na miaka tisa baadaye bado naitembea.
Medali iko kwenye droo, pamoja na betri zilizokufa.

Ndani ya treni Eliécer kasinzia,
kinywa wazi, kiatu kimenielekea.
Kisiginoni, mstari mweupe, upana wa kucha.
Duberney, kiti cha mbele, anageuka:
"Zile breki, bado hujanilipa."
Namwambia ninadaiwa zaidi ya breki.
Ulicheza Cali mwaka ule, sivyo? Upande wa pili.
"Nilicheza," anasema.
Anangoja.
Moja, nahesabu moyoni.
Mbili.